Toka kwenye kamera mpaka kiti cha dairekta: jibu kuhusu Han Hyeong-mo

Ndugu yetu mmoja wa Mwanza, mpiga video za harusi na sendofu, kaniandikia swali refu kidogo, nalifupisha ili na wengine mfuate. Anasema aliangalia filamu ya zamani ya Kikorea inaitwa Madame Freedom, ya mwaka 1956, ikamkaa kichwani wiki nzima, baadae akakuta mahali imeandikwa kwamba dairekta wake, Han Hyeong-mo, alianza kama mpiga kamera. Anauliza ni kweli? Alihamaje? Na kama alikuwa mkali hivyo, mbona watu wakitaja wakongwe wa Korea wanaanza na Kim Ki-young na Shin Sang-ok, huyu hatajwi? Afu mwisho kabisa kaongeza la rohoni, kwamba kila akisema anataka kuongoza filamu fupi jamaa zake wanamwambia we ni mtu wa kamera bana, waigizaji huwawezi.

Haya kaka, weka chai karibu maana hili swali mi nimelisubiri miaka.

Jibu la haraka ni ndiyo, kweli kabisa, na wala hakushika kamera kwa kubangaiza akisubiri kazi nyingine, huyu alikuwa fundi hasa. Kabla sijaenda mbali nikupe kitu kimoja ukishike. Mwaka 1946 Han ndo aliyepiga picha filamu inaitwa Jayu Manse. Jayu kwa Kikorea ni uhuru, na manse ni ile kelele ya kushangilia watu wananyanyua mikono juu, kwa mtaa wetu tungesema Uhuru Oyee! Miaka 10 baadae anaongoza Jayubuin, hiyo unayoijua wewe kwa jina la Kiingereza, na ukilitafsiri hilo jina kavu kavu ni Bi Uhuru. Neno ni lilelile, jayu. La kwanza ni uhuru wa nchi iliyotoka kumuondoa Mjapani, la pili ni uhuru wa mke wa profesa anayetaka kwenda kucheza dansi. Mtu yuleyule kasimama nyuma ya kamera mara ya kwanza na nyuma ya filamu nzima mara ya pili. Mi nikiulizwa Korea ya miaka hiyo ilibadilika vipi huwa naanzia hapo.

Sasa turudi mwanzo. Han alizaliwa 1917 Uiju, juu kabisa kaskazini, mpakani na Uchina karibu na mto Amnok ambao ramani nyingi zinauita Yalu. Leo hiyo ni Korea Kaskazini, lakini wakati ule hakukuwa na Kaskazini wala Kusini, nchi nzima ilikuwa chini ya Mjapani tangu 1910. Mlango wake wa kuingilia kwenye filamu haukuwa kamera, ulikuwa seti. Alifanya kazi ya kutengeneza mandhari kwenye filamu ya 1941 ya dairekta Choi In-kyu inayohusu watoto wa mitaani wa Seoul, kwa Kiingereza inaitwa Homeless Angels. Huyu Choi ndo akawa mwalimu wake, na kupitia yeye Han akaenda Japani kujifunza kamera kwenye studio za Toho. Usipite haraka hapo. Mtu anayeanza na mbao, rangi, mapazia na meza, afu ndo anashika lensi, anakuwa na jicho tofauti, anajua kitu kilichowekwa mezani kina kazi. Utaliona hili kwenye kila filamu yake baadae, vitu vinaongea.

Choi In-kyu mwenyewe ni mtu wa kubishaniwa mpaka leo, vita ilipokolea alitengeneza filamu za kuisifia Japani, afu 1945 Mjapani anaanguka na mwaka unaofuata Choi huyohuyo anatoa Uhuru Oyee, mpigania uhuru anatoroka jela Agosti 1945 siku chache kabla Mjapani hajasalimu amri. Wapo wanaosema alikuwa anajisafisha. Mi sitaki kumhukumu mtu aliyeishi kipindi ambacho ukikataa kazi unaingia matatani, ila ni vizuri ujue kijana wetu Han alilelewa kwa mtu wa aina gani: fundi mkali, siasa zinazoyumba. Kwa Choi huyohuyo walipita pia Shin Sang-ok, Hong Seong-ki na Jeong Chang-hwa, kwa iyo ile nyumba ilikuwa kama karakana, unaingia unashika nyundo, ukitoka ni fundi.

Na vifaa vilikuwa hakuna kaka. We unalalamika betri ya gimbal, kile kishikio cha kutuliza kamera, inaisha kabla bibi harusi hajafika ukumbini, wale walikuwa hawana mkanda wa kupigia. Baada ya uhuru Mjapani kaondoka, mkanda wa filamu wa milimita 35 ukawa lulu, watu wakarudi kwenye milimita 16, na kuna filamu zilitoka bila sauti kabisa wakati dunia ilishaingia kwenye sauti miaka 20 nyuma. Filamu ya 1948 kuhusu mwendesha mashtaka na mwalimu wake wa kike wa zamani ilikuwa bubu, anasimama mtu pembeni ya pazia anaitwa byeonsa, anasimulia hadithi na kuigiza sauti zote, mama, mtoto, polisi. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video hatuhitaji kuelezwa sana, mtafsiri wetu alikuwa anafanya hivyohivyo, tena mwingine anakuongezea na utani wake wa Manzese.

Katika ukame huo Han akapiga picha filamu nyingine ambayo mi naiona ndo ushahidi wa mkono wake, ya 1949, A Hometown in Heart, dairekta ni Yoon Yong-gyu. Mtoto mdogo analelewa kwenye hekalu la Kibudha mlimani, mama yake alimuacha, anakuja mjane kijana kutoka mjini, anaigizwa na Choi Eun-hee, na mtoto anamtamani awe mama yake. Basi. Hakuna mapigano, hakuna kelele. Kamera inakaa mbali na mtoto, inamuacha mdogo ndani ya ua la hekalu, nguzo na ngazi zinamzidi, halafu mjane akija kamera inasogea. Ukiangalia hiyo filamu usisikilize maneno, angalia tu umbali kati ya kamera na huyo dogo. Hapo ndo nilipoamini Han tayari alikuwa anawaongoza watu, ila hakuwa amepewa cheo.

Cheo alikipata mwaka huohuo wa 1949. Filamu yake ya kwanza kama dairekta kwa Kiingereza inaitwa Breaking the Wall, ni ya kupinga ukomunisti, na mgogoro wake umewekwa kwenye uasi wa miji ya Yeosu na Suncheon wa Oktoba 1948, ambapo wanajeshi walikataa amri ya kwenda kuzima uasi wa kisiwa cha Jeju, na serikali ikajibu kwa damu nyingi. Hadithi inawahusu mashemeji wawili waliosoma pamoja, mmoja ofisa wa jeshi, mwingine mkomunisti. Ni propaganda, nisikudanganye, lakini angalia kitu alichofanya: siasa kubwa ya nchi nzima kaiingiza ndani ya familia moja, mezani, kati ya watu wanaoitana shemeji. Hiyo tabia hakuiacha tena.

Sasa uliuliza alihamaje. Watu wanapenda hadithi ya mpiga kamera aliyegombana na dairekta akasema naweza kufanya vizuri kuliko wewe. Kwa Han mi naona vitu viwili vya kawaida tu. Kwanza, shule za filamu hazikuwepo, kampuni zilikuwa vikundi vya watu wachache, anayejua kuendesha kamera, kuipima taa, kuosha mkanda, alikuwa nusu ya kampuni peke yake. Ukishamuondoa huyo huna filamu. Kwa iyo mtu wa kamera alikuwa na nguvu ambayo leo hana, maana leo kila mwenye simu anarekodi. Pili, vita. Juni 1950 vita ya Korea Kaskazini na Kusini ikalipuka, na ikapangua watu. Mwalimu wake Choi In-kyu alichukuliwa kupelekwa Kaskazini na hakurudi, na Yoon Yong-gyu wa ile filamu ya hekaluni naye akaishia Kaskazini. Waliobaki Kusini wanaojua kazi toka kwenye mandhari mpaka kwenye kamera na waliowahi kuongoza walikuwa wa kuhesabu. Han alikuwa mmojawapo, na wakati wa vita alikuwa na kikosi cha filamu cha wizara ya ulinzi, akatoa filamu ya habari za vita inaitwa Assault of Justice, 1951, picha za uwanja wa mapambano zenyewe.

Vita ikasimama 1953. Seoul majivu. Na 1954 Han anatoa The Hand of Destiny, na hapa ndo namuona dairekta kamili. Kuna mwanamke anaitwa Margaret, anahudumia baa, anavaa Kimagharibi, kumbe ni jasusi wa Kaskazini. Anampenda kijana masikini anayejidai mwanafunzi anayebeba mizigo, kumbe naye ni ofisa wa kupambana na majasusi. Umeshaona inaenda wapi. Watu wengi wanaikumbuka kwa sababu ya busu, linatajwa kama busu la kwanza kwenye filamu ya Kikorea, sekunde chache tu, na kwa nchi ile, mwaka ule, ilikuwa ni kitu cha kuwafanya watu waangalie chini. Ila mi busu nakuachia wewe. Mi naangalia bosi wa majasusi. Uso wake hatupewi, tunapewa mkono, tunapewa mgongo, tunasubiri. Dairekta wa maneno angemuandikia huyo bosi hotuba ya kutisha, huyu wa kamera kaamua kumnyima sura tu na unaogopa zaidi. Na chumba cha Margaret, kitanda, viatu vya kisigino, vile vitu vinakwambia anaishi vipi kabla hajafungua mdomo.

Halafu bahati ikamkuta yuko tayari. 1954 serikali ya Kusini iliondoa kodi ya kiingilio kwa filamu za nyumbani. Kodi tu hiyo! 1955 ikatoka filamu ya Chunhyang, ile ngano yao ya mapenzi ambayo kila Mkorea anaijua, watu wakajaa, wenye hela wakaona kumbe filamu inalipa. Mwaka 1954 zilitengenezwa filamu 18, mwaka 1959 zikawa 111. Miaka mitano! Kwa iyo ukisoma mahali kwamba Han alikuwa na kipaji, kubali, lakini usisahau kulikuwa na kodi iliyoondolewa.

Na katikati ya hilo wimbi ndo ikaja Bi Uhuru.

Hadithi haikuwa yake. Ilikuwa riwaya ya Jeong Bi-seok iliyotoka kipande kwa kipande kwenye gazeti la Seoul Shinmun mwaka 1954, na iliwasha moto kabla hata kamera haijawashwa. Profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Taifa Seoul, Hwang San-deok, aliishambulia kwa maandishi, akaifananisha na adui wa ukubwa wa askari laki 5 wa Kichina. Fikiria, nchi imetoka kupigana na hao Wachina kwelikweli, mtu anakwambia riwaya ya mke wa profesa anayecheza dansi ni hatari sawa na jeshi hilo. Na 1955 kulikuwa na kesi maarufu ya mwanaume aliyerubuni wanawake kwenye kumbi za dansi, kwa iyo neno dansi peke yake lilikuwa linawasha watu. Han akaichukua hiyo na kuipeleka kwenye pazia, ikafunguliwa Juni 1956 ukumbi wa Sudo, baada ya wakaguzi kulumbana nayo kuhusu matukio ya mapenzi.

Ikaingiza watazamaji zaidi ya laki moja Seoul peke yake, wakati jiji zima lilikuwa na watu kama milioni moja na nusu.

We umeshaiona kwa iyo sikusimulii yote, ila wasomaji wengine: Oh Seon-yeong ni mke wa profesa wa lugha, anavaa hanbok, lile vazi la asili la Kikorea, nyumba ya zamani ya milango ya karatasi, mnakaa chini. Anapata kazi kwenye duka la bidhaa za Ulaya, manukato, mikoba, vioo kila mahali. Kijana jirani anayepiga muziki wa kizungu kwa sauti kubwa anaanza kumfuata. Kuna rafiki yake wa shule anamvuta kwenye mambo ya biashara na dansi. Na mumewe, msije mkamsahau, naye anafundisha sarufi kundi la mataipisti wa kike na anaanza kumpenda mmoja wao, ila yeye hakuna anayemwita Bwana Uhuru.

Ile sini ya ukumbi wa dansi nataka uirudie mara tatu. Bendi inapiga, mcheza shoo anaingia katikati na dansi inayoitwa mambo, kamera inampa nafasi nzima, haimkatizi. Halafu inarudi kwa Seon-yeong aliyekaa anatazama. Hasemi kitu cha maana, ila unaona mwili wake umeshakubali kabla ya akili. Na kamera inapanda, inaelea juu ya wachezaji. Wanahistoria wa Korea wanaitaja hii kama filamu ya kwanza kwao kutumia kreni. Leo we unapandisha droni juu ya keki watu wanapiga vigelegele, lakini mwaka 1956, nchi haina vifaa, mtu anaamua kamera lazima ipande kwa sababu mwanamke huyu moyo wake unapanda. Hiyo ndo akili ya mpiga kamera aliyekuwa dairekta. Halafu ujue, kamera hakuishika yeye! Mpiga picha wa filamu hiyo ni Lee Seong-hwi. Wanaotoka kwenye kamera wengi wanashindwa hapa, wanakaa kwenye kiti cha dairekta huku mkono unawasha kushika lensi, wanamsumbua mpiga kamera mpaka anachukia kazi. Han aliachia, akabaki na jambo moja, kamera iwe wapi na kwa nini.

Afu angalia nguo. Mwanzo hanbok, taratibu zinaingia gauni, koti, mkoba. Na angalia nyumba na duka: nyumbani kamera imetulia, watu wamebanwa na fremu za milango, dukani kila kitu kinang'aa, kioo kinamrudishia sura yake. Hapa nilikuwa naionyesha kwa vijana fulani niliokuwa nawafundisha, dada mmoja nyuma akasema, mwalimu, mbona skripti inamgombeza huyu mama lakini kamera inampenda? Nikakaa kimya, maana miaka yote nilikuwa nazunguka kwenye hiyo pointi sijawahi kuisema vizuri namna hiyo. Skripti inamuadhibu kweli: rafiki yake anatapeliwa na kujiua kwa sumu, na yeye anarudi nyumbani usiku wa theluji, mlango umefungwa, mume kakaza, mtoto ndo anakuwa daraja. Anapiga magoti. Kwa maneno, filamu inasema mama rudi jikoni. Lakini laki moja hawakulipa kiingilio kuona magoti kwenye theluji, walilipa kuona lile duka na ule ukumbi, na Han alijua, ndo maana taa nzuri zote kaziweka kule.

Baada ya hapo angeweza kurudia Bi Uhuru namba mbili mpaka namba sita, wengine wangefanya hivyo. Yeye akaruka. Akatoa Hyperbola of Youth, komedi ya muziki, tajiri anaumwa kwa kula sana na masikini anaumwa kwa kukosa, daktari anawaambia badilishaneni nyumba wiki mbili. Humo ndani wapo Kim Sisters, wanaimba wakiwa wamevaa kama manesi, na nyie wapenzi wa muziki wa Kikorea mjue hao dada 1959 walienda Las Vegas na wakawa wanaonekana mara kwa mara kwenye kipindi cha Ed Sullivan Marekani, zaidi ya miaka 50 kabla ya Gangnam Style. 1957 akaingia kwenye upelelezi na mauaji, The Devil. 1961 akatoa komedi ya mwanamke anayejua judo na kuwapiga wanaume, My Sister Is a Hussy. Akawa na kampuni yake mwenyewe. Ukiangalia hiyo orodha unaona mtu anayejiuliza kila mara, hii aina ya filamu hatujawahi kuifanya hapa, inafanywaje? Hilo ni swali la fundi, ndo maana aina zenyewe haziko sawa, nyingine zimechangamka, nyingine zimelala kidogo.

Mi ninayoipenda kuliko zote ni A Female Boss, 1959. Inaanza kwenye kibanda cha simu. Dada anaongea na simu hamalizi, kijana nje anasubiri, wanagombana. Kesho yake kijana anaenda kuomba kazi kwenye ofisi ya gazeti la wanawake, anaingia, bosi ni yuleyule dada. Ukutani ofisini kuna maandishi yanayosema mwanamke juu, mwanaume chini. Filamu nzima inacheza na hayo maandishi, huhitaji mtu akuelezee nani ana nguvu, angalia ukuta. Na mwisho wanaoana, mwanaume anakaa kwenye kiti, na maandishi yanageuzwa. Inaudhi, ndiyo. Lakini saa nzima kabla ya hapo umemuona mwanamke anaendesha ofisi, anaajiri, anafukuza, na amependeza, kwa iyo ni kama Bi Uhuru tena, mwisho unaenda upande mmoja na picha zinaenda upande mwingine.

Mbona hatajwi? Kwa maoni yangu ni kwa sababu alikuwa mtu wa kujaza ukumbi. Mwaka 1960 Kim Ki-young katoa The Housemaid, 1961 Yu Hyun-mok katoa Obaltan, filamu nzito, za kuumiza, wahakiki wakapata cha kuandika, na mtu wa komedi na dansi akaonekana mwepesi. Hiyo tunaijua hata huku, mwandishi wa kuchekesha hapewi heshima mpaka azikwe. Halafu miaka ya 60 ilipoendelea nguvu zilimuishia, filamu yake ya mwisho ni ya 1967, The Queen of Elegy, kuhusu maisha ya mwimbaji Lee Mi-ja, na baada ya hapo kimya, mtu ana miaka 50 tu. Alifariki 1999. Heshima ilirudi kwa kuchelewa: 2007 Korea iliziingiza filamu saba za zamani kwenye urithi wa taifa na kati ya hizo tatu zina mkono wake, Uhuru Oyee na ile ya hekaluni akiwa mpiga kamera, na Bi Uhuru akiwa dairekta. 2008 tamasha la Busan likamtengea maonyesho yake. Hebu jiulize, saba, tatu ni zake, na bado watu hawamjui.

Sasa lile la rohoni, kwamba waigizaji huwawezi.

Jamaa zako hawajakosea kila kitu. Hata kwa Han kuna sehemu waigizaji wamekauka, wanasimama kama wanasubiri basi, na sauti za wakati ule zilikuwa zinaingizwa baadae studio kwa iyo hisia zinapungua zaidi. Alichofanya ni kutowategemea kwa maneno peke yake, aliwapa vitu vya kushika, milango ya kupita, ngazi, vioo. Mwigizaji wa kawaida ukimwambia "huzunika" anakunja uso, ukimwambia funga hilo sanduku na usiangalie mlango, anahuzunika mwenyewe. Mtu wa kamera hilo unaliweza, tena kwenye harusi umeona mama wa bibi harusi mara ngapi akipanga vyombo ambavyo havihitaji kupangwa? Hiyo ndo aktingi.

Na kama bado unaogopa, njia nyingine ipo na Wakorea wa leo wanaitumia. Kim Byung-seo ni mpiga kamera, alipiga Castaway on the Moon ya 2009 ya dairekta Lee Hae-jun, na zile Along with the Gods mbili. Alipotaka kuongoza hakwenda peke yake: 2013 aliongoza Cold Eyes pamoja na Cho Ui-seok, na 2019 akaongoza Ashfall, ile ya volkano ya mlima Paektu, pamoja na Lee Hae-jun, yuleyule dairekta aliyempigia kamera miaka 10 nyuma. Wawili kwenye kiti kimoja. Kwa iyo tafuta mtu wa Mwanza hapo anayejua kukaa na waigizaji, labda wa kikundi cha maigizo cha kanisani au wa ngonjera, mgawane kazi, we shika picha ye ashike watu, na mkubaliane mapema nani anasema "kata", maana hapo ndo urafiki huwa unavunjika.

Za kuangalia: Hifadhi ya Filamu ya Korea wana chaneli YouTube inaitwa Korean Classic Film, bure, zina maandishi ya Kiingereza chini. Anza na A Hometown in Heart, afu The Hand of Destiny, afu rudi kwenye Madame Freedom ukiwa umezima sauti. Uhuru Oyee nakala iliyobaki haijakamilika, imekatika, iangalie mwisho. Na kabla hujaniandikia tena nenda kapige dakika tatu, mtu mmoja, chumba kimoja, kitu kimoja mezani, bila neno hata moja, unitumie.